Sabuni Saba na Kalenda Moja

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Kila nikikaribia siku zangu mwili unaniwasha mpaka nalia. Nimeshabadilisha sabuni nne." Kwenye hizo sabuni nne nikacheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilifika ya saba.

Yangu yalianza nikiwa na miaka 29, miezi michache baada ya hedhi kurudi kufuatia uzazi wa pili. Mabaka yaliyotuna, yenye joto, shingoni na kwenye viwiko. Usiku nilijikuna kwa kitana, maana kucha hazikutosha. Mahali pa kwanza nilipotibiwa waliniambia ni upele, ule wa kuambukiza. Nyumba nzima tukapakwa dawa kuanzia shingoni hadi nyayoni, watoto wanalia, mume kanuna. Siku chache nikapona, tukashukuru. Wiki tatu mbele, yale yale. Wifi yangu alipokuja kututembelea akaomba mto mwingine, ule nilioegemea hautaki. Sijasahau, na akisoma hapa asome taratibu.

Kilichoniokoa ni kalenda ya ukutani. Nilitia alama nyekundu siku za hedhi na ya bluu siku za kuwashwa. Miezi mitatu ilipotimia nikasimama mbele yake na mswaki mdomoni: bluu ilitangulia nyekundu kila mara, kama siku saba hivi, na siku ya pili au ya tatu ya damu ilikuwa imekwisha. Sabuni haijui tarehe, jamani!

Nikaipiga picha nikampelekea daktari wa ngozi. Aliitazama kalenda kwanza, mkono wangu baadaye. Akanieleza kwamba yai likishatoka, mwili humwaga projesteroni kwa wingi, na hedhi ikikaribia homoni hiyo hushuka. Kuna wanawake wachache ambao mwili wao huipinga projesteroni yao wenyewe kama inavyopinga kitu kigeni. Akanidunga kiasi kidogo ndani ya ngozi ya mkono, na pale pale pakavimba. Nililia kwa furaha, ajabu eh? Nilikuwa sina uchafu.

Dawa ya aleji ilinipunguzia tu. Nafuu ya kweli ilikuja nilipopewa vidonge vya kuzuia yai lisipevuke. Msikimbilie kuvinunua, lakini: vingi vina homoni ya jamii hiyo hiyo, na wapo ambao huwazidishia.

Wengi wenu, najua, hamna ugonjwa wangu. Mna chunusi za kidevuni na tayani zinazokuja wiki moja kabla. Hapo homoni za kike, estrojeni na projesteroni, zinashuka, androjeni (zile homoni za kiume ambazo hata sisi tunazo kidogo) zinabaki na sauti kubwa, tezi za mafuta zinachangamka. Mwingine ana pumu ya ngozi ya siku zote, ila kabla ya hedhi inapamba moto. Dawa zipo. Ila zile za jamii ya vitamini A hazifai kwa mwenye mimba au anayetafuta mtoto, na krimu ya steroidi si ya kupaka usoni kila siku kwa sababu jirani imemfaa, inaila ngozi ikawa nyembamba.

Kwa hiyo andikeni tarehe. Nasema tena, andikeni tarehe, angalau miezi miwili, mitatu. Pigeni picha mabaka yakiwa yamewaka, kwa sababu siku ya miadi ngozi huwa laini kama ya mtoto na daktari anakuona mzushi. Acheni kuoga dawa za kuua vijidudu kana kwamba mmetenda dhambi. Na ukiona midomo au ulimi unavimba, au pumzi inabana, hapo hakuna kalenda: kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Wewe dada wa sabuni nne, ujumbe wako umefika tarehe 19. Hedhi yako ya mwisho ilianza lini? Nijibu hilo kwanza, na hiyo sabuni ya tano usiifungue bado.