Serikali Ikigusa Bolti: Umoja Wenu Upeleke Nini Mezani

Umoja wa wafanyabiashara ukisikia kuna ukaguzi wa ubora unakuja, mimi najua kikao kitaendaje kabla hata viti havijapangwa. Atasimama mmoja aseme hawa wanataka kutuua, atasimama mwingine aseme tufunge maduka wiki nzima waone, na kule nyuma kuna yule ambae hasimami kabisa, anasema tu kwa sauti ya chini jamani tuchangishane tuwaone wahusika yaishe. Nauza bolti na nati hapa Mwanza, Mabatini kuelekea Nyakato, na ni katibu wa kaumoja ketu ka wauza spea na hadiwea, kwa hiyo vikao vya namna hiyo nimeviandikia muhtasari vya kutosha.

Ushauri wangu kwa umoja wowote, uwe wa bolti, wa nondo, wa nyaya za umeme, sijui wa nini, ni kwamba msigombane na ubora. Gombaneni na namna ya kuupima. Ukienda ofisini kwa mtu kumwambia hatutaki kukaguliwa umeshapoteza, mana kesho yake atasimama kwenye redio aseme wafanyabiashara wa Mwanza wanatetea feki, na mama anaesikiliza redio huku anakaanga sato wake atakubaliana nae. Ila ukienda na karatasi inayosema tunakubali kukaguliwa, ila kipengele cha tatu hakitekelezeki kwa sababu hii na hii, na sisi tunapendekeza hivi, hapo sasa mtaongea.

Kwanza tuelewane kuhusu bolti yenyewe, mana kuna watu wanadhani ni kachuma tu. Chukua bolti ya milimeta, angalia kichwani. Ikiandikwa 8.8, ile 8 ya kwanza zidisha kwa 100, unapata megapaskali 800, hiyo ndo nguvu ya kuivuta mpaka ikatike, na .8 ya pili inamaanisha ikifika asilimia 80 ya hapo inaanza kurefuka na hairudi tena. 10.9 hesabu ni ile ile. Zile za inchi hazina namba, zina mistari, mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8, na kichwa cheupe kisicho na kitu ni ile laini ya kufungia benchi na milango. Sasa kwa bolti za milimeta kuna kitu wengi wanakiruka. Viwango vya kimataifa vinataka kichwani pawe na namba ya nguvu PAMOJA na alama ya kiwanda, herufi mbili tatu hivi. Bolti yenye 8.8 tupu bila herufi ni mtoto asiye na baba, ikikatika hakuna wa kumuuliza.

Na wanaonunua kwangu sio watu wa milango. Ni mafundi wa Hiace wanaotafuta bolti za propela, ni vijana wa makarasha, zile mashine za kuvunjia mawe, kutoka Geita ambao mashine yao inapiga mawe kutwa nzima, ni mafundi wa injini za mitumbwi kule Kirumba Mwaloni. Bolti ya karasha ikikatika jiwe linaweza kuruka na kipande cha chuma pamoja.

Sasa kuna wenzetu walishapita njia hii yote, na mimi huwa nawasimulia wanachama kila tukianza kupandishiana sauti. Ni Marekani. Miaka ya 80 nchi ilijaa bolti zilizogongwa mistari sita ya daraja la 8 wakati chuma chake ni cha daraja 8.2, chuma chenye boroni. Ukizipima zikiwa za baridi zinafanana, ukizipeleka kwenye joto ile ya boroni inalegea mapema kuliko mwenzake, na anaelipa bei ya 8 anapewa kitu kingine. Kamati ndogo ya bunge lao chini ya John Dingell, mbunge wa Michigan, ikachunguza, ikatoa ripoti 1988, na Novemba 1990 Rais Bush yule mkubwa akasaini sheria maalum ya ubora wa bolti na nati. Ndio, bolti zina sheria yake kabisa.

Utamu uko kwenye namna vyama vilivyocheza. Kulikuwa na chama cha viwanda, Industrial Fasteners Institute, kipo tangu 1931, na cha wasambazaji, National Fastener Distributors Association, hawa ni wa 1968. Watengenezaji wa ndani walikuwa wanaumia na bolti feki kutoka nje kwa hiyo wazo la sheria lilikuwa na faida kwao. Lakini maelezo ya utekelezaji yalipoanza kuandikwa ndo watu wakashtuka. Sheria ilitaka kila shehena, yani bolti zilizotengenezwa mkupuo mmoja, ipimwe sampuli kwenye maabara yenye ithibati na cheti kiambatane, afu ikakataza kuchanganya shehena zaidi ya mbili kwenye kasha moja. Hebu fikiria muuzaji mwenye bolti za aina elfu kadhaa, kila katoni na cheti chake.

Hawakuandamana. Sheria yenyewe ilikuwa imeunda kamati ya ushauri, wadau wakakaa humo wakaonyesha vipengele kimoja kimoja vilivyokuwa havitekelezeki, hiki cha kuchanganya shehena kikiwemo. Serikali ikatoa kanuni za mwisho Septemba 1996 na bado tarehe ya kuanza ikawa inasogezwa tu, moja ya sababu ikiwa maabara zenye ithibati hazikutosha kwa kazi yote ile. Watengeneza magari nao wakaingia, wakasema siku hizi kiwanda kinadhibiti ubora mashine ikiwa inafanya kazi, kasoro inakamatwa palepale, kupima mwishoni wakati bolti milioni zimeshatoka ni kuchelewa na ni gharama. Hoja hiyo ndo ilishinda. Juni 1999 Clinton akasaini marekebisho, kiwanda chenye mfumo wa ubora unaotambulika kama ISO 9000 kikaondolewa kwenye mzigo ule wa kupima kila shehena, sheria ikabaki kwa bolti za kuanzia milimeta 6 au robo inchi, zilizopikwa kwa moto zikawa ngumu mpaka ndani na zenye alama ya daraja kichwani. Kudanganya alama kukabaki kosa, kumbukumbu zinatunzwa miaka 5, alama ya kiwanda inasajiliwa serikalini ili bolti ikikatika ijulikane katoka wapi.

Miaka 9 hiyo. Kuna watu wanasema vyama viliibana serikali mpaka sheria ikawa kibogoyo, na siwezi kusema hawana hoja kabisa, mana katika miaka hiyo yote mnunuzi wa kawaida alikuwa anaendelea kununua kwa imani tu. Lakini mimi naona walichokilinda ndicho cha msingi, alama isidanganye na mzigo ufuatiliwe mpaka kwa aliyeutengeneza. Walichokipiga chini ni njia ya kupima ambayo ingemaliza wadogo kwanza na kuwaacha wakubwa.

Wala msiseme hayo ni ya Marekani, hapa hapa ziwani tulishaonja. Wenye umri wanakumbuka Januari 1998 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji sababu ya kipindupindu, afu 1999 ikaja ya sumu ya kuvulia, sangara wa ziwa letu wakakosa soko Ulaya. Viwanda vya minofu vya Mwanza viliyumba, vibarua walirudi nyumbani. Lawama zilikuwepo, tena nyingine za haki, mana kipindupindu hakivuki samaki aliyepikwa vizuri. Ila lawama hazikufungua soko, kilichofungua ni viwanda kukaa na idara ya uvuvi, kukubali mfumo wa kudhibiti usafi hatua kwa hatua, kurekebisha mialo, na kupima kwa maabara inayoaminika. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki ipo Nyegezi hapo, ukiwa na gari dakika chache tu kutoka stendi.

Turudi dukani. Kwetu ilianza pale maofisa wa ofisi moja, siitaji, walipopita kuuliza kuhusu bolti zisizo na alama na kuondoka na baadhi bila hata kuandika wamechukua ngapi. Watu walipandwa na hasira, na walikuwa na haki. Kikao cha jioni ile kilikuwa moto, ngosha mmoja muuza springi akasema kesho hakuna kufungua. Nilichokisema mimi ni kwamba malalamiko yetu yapo mawili na tusiyachanganye. Moja ni namna walivyochukua mali bila karatasi, hilo tulalamike kwa barua peke yake. La pili ni swali lao, na swali lao ni zuri, hizi bolti zimetoka wapi?

Mana nilimwambia kila mtu aende akamwage kopo moja mezani. Ninyi mnajua tunavyouza, makopo ya rangi ya lita 4 yamepangwa, hili la spana 13, hili la 17, hili la 19, katoni ikifunguliwa inamwagwa humo juu ya zilizobaki. Katika kopo moja la 17 unakuta 8.8 zenye herufi, 8.8 zisizo na herufi, nyeupe kabisa zisizo na alama, na moja mbili zilizotoka kwenye gari fulani zikapigwa brashi ya waya na oili. Mteja anaomba ngumu, kijana anaingiza mkono anatoa iliyo juu. Pale huwezi kumjibu ofisa yeyote duniani, hata ukiwa na risiti za miaka mitatu, mana risiti inasema katoni na katoni haipo tena.

Kwa hiyo kabla umoja haujaandika barua yoyote, anzeni na makopo. Kila katoni na kopo lake, kata ule upande wa katoni wenye namba ya shehena uubandike kwa soltepu kwenye kopo, risiti ya EFD iandikwe kwa peni namba ya kopo. Gharama yake ni soltepu. Zisizo na alama zikae kopo lake limeandikwa ZA KAWAIDA na ziuzwe bei ya kawaida, sio kosa kuuza bolti laini, kosa ni kuiita ngumu. Kuna wanachama waligoma, wakasema nafasi dukani hakuna, na ni kweli maduka yetu ni vibanda, mpaka leo sio wote wanafanya. Ila waliofanya ndo tuliwapeleka kwenye mazungumzo, na ilisaidia sana kuweka makopo mawili mezani kwa ofisa kuliko maneno yote ya mwenyekiti.

Barua yetu iliomba vitu ambavyo ofisa anaweza kusema ndiyo bila kupiga simu kwa mkubwa wake. Tuliomba wakichukua sampuli waache fomu yenye idadi na saini. Tuliomba muda wa kuuza au kurudisha mzigo uliopo kabla ya adhabu, tukataja tarehe, sio "muda wa kutosha", mana neno hilo kila mtu ana maana yake. Tukaomba pia waanze na waagizaji. TBS, shirika letu la viwango, wana utaratibu tangu 2012 wa bidhaa kukaguliwa nchi zinakotoka na kupewa cheti kabla ya kupakiwa, sasa cheti hicho anacho muagizaji wa Kariakoo, sisi wa Mabatini tunanunua katoni tano tano, hatujawahi kukiona. Tukasema muagizaji alazimike kutoa nakala kwa anaemuuzia, na sisi tutaiweka dukani. Fomu walikubali palepale. Muda wakatupa pungufu ya tulioomba. Hilo la waagizaji walisema litapelekwa juu.

Kitu kingine, msimpeleke mwenyekiti na katibu peke yao. Pelekeni fundi. Sisi tulienda na fundi wa Hiace ambae alikuwa na bolti ya propela iliyokatika mfukoni, akaonyesha pale ilipochuna meno na pale ilipovunjika, akaeleza yeye anachotaka dukani ni kitu kimoja tu, akiomba 10.9 apewe 10.9. Ofisa alimsikiliza yeye kuliko sisi, mana sisi tuna maslahi na anajua.

Na wale wa kuchangishana, hapana. Mbali na kwamba ni rushwa na kuna TAKUKURU, hata kihesabu haina mantiki, ofisa anahamishwa, anakuja mwingine, mnaanza upya, na bolti kwenye makopo bado hazijulikani zimetoka wapi.

Kilichobaki kwetu ni upimaji. Maabara ya TBS ya kuvuta chuma ipo Ubungo, kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 1,100 za barabara, na muuza bolti wa mtaji wa milioni mbili hawezi kutuma sampuli ya kila katoni huko, ni shida ile ile ya maabara kutotosha iliyowakwamisha Wamarekani. Pendekezo letu ni sampuli ichukuliwe kwa muagizaji, mara moja kwa shehena, majibu yafuate namba ya shehena mpaka kwenye kopo. Waagizaji tuliowapigia wanasema gharama hiyo wataiweka kwenye bei. Sawa, iwekwe, ikigawanywa kwenye bolti zote za shehena ni hela ndogo kwa kila moja, na kikao kijacho nawapelekea hesabu hiyo imeandikwa ili tubishane kwa namba.