Kamba nyepesi, kapi laini: ni ya kazi gani?

Mdogo wangu umeuliza kwa nini swali la fizikia la mizigo miwili iliyoning'inizwa kwa kamba juu ya kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba) linasema kamba nyepesi isiyovutika na kapi laini, yaani lisilo na msuguano, eti kwani kamba kama hiyo yauzwa wapi hapa Lamu, hahaha, haiuzwi. Ila kila neno ni la kupunguzia hesabu: kamba nyepesi na kapi laini, basi tensheni, yaani nguvu ya kamba kuvuta, ni sawa pande zote mbili, haivutiki, basi mizigo yote miwili ina akselerasheni (kasi kubadilika) ya ukubwa mmoja. Nenda jeti ukatazame jahazi likipandishwa tanga, henza, ile kamba ya kupandishia tanga, yalia kwenye kapi, pale tensheni haiko sawa hata kidogo lakini mtihani haukuulizi hilo.

Ukinzani wa hewa nao, nazi ikianguka mita 10 yachukua kama sekunde 1.4, hewa wacha tu. Kuti kavu sasa, hewa yalizuia, hesabu hiyo itakuumbua.