Mashine ya kufulia ya matangi mawili inanguruma bila kuzunguka: je, mota zimekufa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mama amenipa mashine yake ya kufulia, ile ya matangi mawili inayofunguliwa juu, upande mmoja unafua na mwingine unakamua. Ilikaa stoo miaka kadhaa. Nimeichomeka, upande wa kufulia unanguruma lakini sahani ya chini haizunguki. Nikiisukuma kidogo kwa mkono inaanza. Upande wa kukamulia unazunguka kwa uzito, unatoa harufu ya kuungua, na maji yanadondoka sakafuni. Nguo nyeupe zimetoka na madoa ya kahawia. Fundi wa mtaani amesema mota zote mbili zimekufa, na bei ya mota mbili inakaribia ya mashine mpya. Nyumbani tunatumia maji ya kisima. Kuna faida kuihangaikia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Faida ipo, na usinunue mota yoyote kwanza. Mota iliyokufa kabisa haingurumi, wala haianzi kwa kusukumwa. Dalili zako zinaelekea kwenye kapasita upande wa kufulia, na kwenye breki na sili (mpira wa kuzuia maji yasipite) upande wa kukamulia. Hivyo ni vipuri vya bei ndogo. Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni yale maji ya sakafuni, kwa sababu mota ya kukamulia imekaa moja kwa moja chini ya tangi lake. Maji yakipita kwenye sili yanaishukia. Ukibadilisha mota ukaacha sili ile ile, hiyo mpya nayo itaungua.

Kabla ya lolote, usiingize tena mkono tangini kuisukuma sahani wakati plagi iko kwenye soketi. Mashine iliyokaa stoo huwa imetembelewa na panya, maana chini yake mara nyingi ni wazi, na nyaya zilizotafunwa humo ndani huzioni. Chomoa plagi, fungua kifuniko cha nyuma, uangalie nyaya zote kwa tochi. Tazama pia kama ina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Baadhi ya mashine hizi zina waya wa kijani, au wa kijani na njano, unaoning'inia nyuma peke yake, na watu wengi huukunja wakaufunga na tepu. Ule waya unatakiwa uunganishwe na ethi ya nyumba. Kwenye maji na umeme sina mjadala na mtu juu ya hilo.

Sasa ngurumo. Mota ya kufulia ina koili mbili na kapasita moja kati yake. Kapasita ndiyo inayoipa mota mwelekeo wa kuanzia. Ikichoka, mota inapata umeme, inatetemeka pale pale, na ukiisukuma inakubali upande wowote uliousukumia. Ndiyo dalili uliyoieleza. Ila kabla hujailaumu, pima volti kwenye soketi saa ile ile unayofulia. Nguvu ya mota ya aina hii hushuka haraka kuliko volti zenyewe: umeme ukitoka volti 230 ukafika 180, nguvu ya kuanzia inabaki kama asilimia 60 tu. Mashine nzima isiyo na kasoro itanguruma ikishindwa kuzungusha suruali za jinzi zilizolowa. Mtaa wenu ukiwa na umeme unaolegea jioni, fua asubuhi.

Umeme ukiwa sawa, nenda kwenye kapasita. Utaiona nyuma, kasha la plastiki lenye nyaya, na juu yake pameandikwa namba kama 10 µF 450 V (µF, mikrofaradi, ndiyo ukubwa wa kapasita). Mashine nyingi zina mbili, kubwa ya kufulia na ndogo ya kukamulia. Nyingine zimewekwa zote katika kasha moja lenye nyaya zaidi. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo gusisha ncha zake kwa nyaya za balbu ya zamani, ile ya waya ndani, uishikilie sekunde chache. Wengi huzigusanisha kwa bisibisi. Inatoa cheche na inaweza kuiharibu kapasita iliyokuwa nzima. Kisha chomoa ncha moja upime kwa mita yenye alama ya µF. Kama imeandikwa 10 na mita inaonyesha 9.5, iache. Ikionyesha 7, au imevimba, au imevuja, itupe. Mpya iwe na µF zile zile. Volti zinaweza kuwa sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Usikubali dukani ukiambiwa kwamba kubwa zaidi itaipa mota nguvu. Itaipasha joto.

Ukiwa hapo na mita, hukumu hizo mota kwa namba. Mota ya kufulia hutoa nyaya tatu. Zitoe kwenye viunganishi vyake, pima omu kati ya kila mbili. Kwa kuwa mota hii inazunguka kulia na kushoto, koili zake zimesukwa sawa: vipimo viwili vitalingana, na cha tatu kitakuwa kama mara mbili yake. Mota ya kukamulia inazunguka upande mmoja tu, hivyo vipimo vyake vitatu huwa havilingani, lakini kikubwa kabisa kitakuwa jumla ya viwili vingine. Mwisho pima kati ya kila waya na chuma cha mota, mita ikiwa kwenye omu za juu kabisa. Isionyeshe chochote. Ikionyesha, mota ina unyevu au koili imegusa chuma. Iache ikauke juani siku mbili tatu, kisha fundi aipime kwa mega, kipimo cha kukagua uvujaji wa umeme, kabla haijaunganishwa tena, kwa sababu mita ya kawaida haikamati kila uvujaji. Vipimo hivi vikitoka sawa, maneno ya kwamba mota zimekufa yaweke pembeni.

Kuna kasoro moja inayofanana na kapasita mbovu: taima. Sahani ikizunguka upande mmoja vizuri, ikatulia, halafu upande wa pili ikakataa, ncha za ndani ya taima zimeungua au waya wake mmoja umekatika. Na usizungushe kitasa cha taima kurudi nyuma kwa nguvu. Ni springi na gia za plastiki.

Tuje kwenye kukamua, ambako ndiko kwenye kazi hasa. Plagi ikiwa nje, funga mfuniko, kisha kutoka nyuma zungusha kwa mkono kile kiungo kikubwa cha duara kilicho juu ya mota. Kinatakiwa kizunguke kwa wepesi. Fungua mfuniko: breki inatakiwa iume papo hapo. Mashine iliyokaa muda mrefu mara nyingi breki haiachii hata mfuniko ukifungwa, kwa sababu waya wake umelegea au umeshika kutu, na mota inalazimika kuzunguka huku imebanwa. Hapo ndipo inapotoka harufu yako. Kaza waya wa breki kidogo kidogo mpaka mpira wa breki uachie kabisa mfuniko ukifungwa, na bado ushike ukifunguliwa. Usiiondoe breki kabisa kama baadhi ya mafundi wanavyofanya ili kumaliza kazi haraka. Kikapu kile kinaenda zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika, na mtoto akifungua mfuniko akaingiza mkono, mkono utavunjika.

Breki ikiwa huru na bado kikapu ni kizito, angalia mpira wa kutolea maji. Mashine hizi nyingi hazina pampu. Maji hutoka kwa kushuka yenyewe. Ukiupandisha mpira juu ya kizingiti cha bafu au ukaukunja, maji yanarudi chini ya kikapu, nacho kinazunguka ndani ya maji. Povu jingi hufanya vivyo hivyo. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu, kwa hiyo tumia kidogo sana na suuza kabla ya kukamua.

Kuhusu uvujaji, usikisie. Tandika magazeti makavu chini ya mashine. Jaza tangi la kufulia peke yake, subiri nusu saa. Kisha litoe maji, badilisha magazeti, umimine jagi moja kwenye upande wa kukamulia huku ukizungusha kikapu kwa mkono. Gazeti litakuonyesha ni wapi. Likilowa chini ya mota ya kukamulia, ni ile sili ya mpira yenye mikunjo iliyokaa sakafuni mwa tangi, mhimili wa kikapu unapopita. Kuibadilisha, legeza nati na skrubu zinazokibana kikapu kwenye kiungo cha mota, vuta kikapu juu, chomoa mpira wa zamani. Kabla ya kuweka mpya, pitisha ukucha kwenye mhimili mahali sili inapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu, na ni heri ubadilishe mhimili sasa hivi kuliko kuifungua tena. Safisha kutu na chokaa, paka grisi isiyotoka kwa maji ndani ya midomo ya sili, rudisha. Yale mafuta ya kupulizia ya kulegezea kutu yatumie kwenye nati tu. Kwenye bushi na beringi yanaosha grisi na kuziacha kavu.

Madoa ya kahawia yana asili mbili, na ndimu itakuambia. Kamulia ndimu juu ya doa ukaweka chumvi, uache juani. Likififia, ni kutu, na mara nyingi inatoka kwenye skrubu ya katikati ya sahani. Weka ya chuma kisichoshika kutu. Doa la grisi halijali ndimu, linataka sabuni ya vyombo, na maana yake sili ya gia boksi iliyo chini ya sahani imekufa: grisi inapanda, maji yanashuka. Zungusha puli kubwa kwa chini, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda wa mota. Ikikwaruza, au mhimili ukicheza kushoto na kulia, badilisha gia boksi nzima, na unapokwenda dukani beba ile ya zamani, kwa sababu meno ya mhimili hutofautiana na sahani yako haitaingia kwenye mengine. Mkanda nao usome namba yake mgongoni. Ukiubonyeza katikati unatakiwa uingie kama sentimita moja. Ukiukaza mno unaua bushi za mota.

Ukifika Kariakoo utauziwa vipuri vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa. Gia boksi iliyotumika naweza kuinunua nikiizungusha mwenyewe mkononi. Kapasita iliyotumika na sili iliyotumika, hapana.

Maji yenu ya kisima hayana budi kutajwa. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yamebeba chokaa. Inaganda chini ya sahani, kwenye sili, na kwenye ule mpira unaoziba tundu la kutolea maji. Mpira huo ukishindwa kukaa vizuri, tangi linatoa maji polepole wakati wa kufua, na watu hudhani limepasuka. Mara nyingi ni chokaa, kifungo au uzi. Kila baada ya miezi miwili mitatu jaza tangi maji ya uvuguvugu, koroga ndimu ya unga kama gramu 100, endesha dakika chache, acha saa moja, endesha tena, kisha mwaga na usuuze mara mbili. Siku hiyo dawa ya klorini kama Jik isikaribie tangi. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi yenye sumu, na ndani ya bafu dogo gesi hiyo ni hatari kweli.

Matunzo mengine ni madogo. Kila ukimaliza acha mifuniko yote wazi mpaka pakauke, osha kimfuko cha kunasa nyuzi, panga nguo kwenye kikapu kwa usawa na uweke kile kifuniko chembamba cha ndani juu yake kabla ya kukamua. Blanketi zito usilikamue. Chini ya mashine funga wavu wa chuma, mdogo wa matundu, dhidi ya panya, lakini usiuzibe kwa ubao, mota zinahitaji hewa.

Ningekushauri uiache kwa sababu mbili tu: tangi likiwa limepasuka pale sili inapokaa, kwani gundi haihimili mtetemo wa pale, au vipimo vya koili vikitoka vibaya kwa mota zote mbili. Ikiwa ni moja, ulizia bei ya kuisuka upya kabla ya kununua.

Anza na breki na sili, kisha kapasita. Ukishapima, niandikie namba tatu za kila mota, namba zilizoandikwa kwenye kapasita na ulichosoma kwenye mita, pamoja na volti za soketi yenu jioni.