Betri zilizokufa: elimu bila hela haifiki mbali

Mkuu, umeuliza kama halmashauri ikipita mashuleni na kwenye mikutano ya vijiji kutoa elimu, watu wataacha kutupa ovyo betri za kuchaji. Mimi ni fundi wa sola na simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Elimu peke yake haitoshi.

Tazama betri kubwa za maji, za gari na za sola. Huku kwetu ni nadra kuiona moja jalalani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na risasi ina soko, basi watu wa chuma chakavu wanazifuata mpaka vijijini, na hakuna aliyewapa semina. Ubaya ni kwamba tindikali haina mnunuzi, inamwagwa mtaroni. Wanaoyeyusha risasi hiyo uani huku watoto wanacheza pembeni ndio balaa kabisa: WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Za lithiamu, yaani za simu, tochi na pawabenki, hazina bei. Mteja namwambia hii imevimba, usiitoboe wala usiichome, inalipuka moto. Anaitikia "sawa fundi", kisha ananiachia mezani. Aende nayo wapi? Nazibandika selotepu kwenye vichwa, naziweka kwenye debe lenye mchanga mkavu, na debe linajaa. Vijijini zinaishia shimo la choo.

Ulaya, sheria ya 2023 inambana mzalishaji agharamie ukusanyaji, na ifikapo mwisho wa 2027 anatakiwa awe anakusanya asilimia 63 ya betri ndogo. Kwetu ningechukua mtindo wa kreti la soda: unalipia chupa, ukiirudisha unapewa chako. Mwagizaji akatwe kiasi kidogo bandarini kwa kila betri, hela hiyo imlipe anayerudisha, na ilipe lori pia (lori ndilo hula hela nyingi kutoka huku Nyanda za Juu). Hapo hata tangazo la kanisani litasikilizwa, maana litataja pa kupeleka na utakachopata.

Ukitaka kukusanya mwenyewe, anzia ofisi ya kanda ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ipo hapa hapa Mbeya. Kwa kanuni za 2021, kukusanya na kusafirisha taka hatarishi kunahitaji kibali, na wao ndio watakuambia nani anacho.