Re: Stima ikipotea sampu inafurika

Habari ndugu. Umesema stima ikipotea maji ya tangi lako la samaki yanashuka, na sampu (tangi dogo la chini lenye pampu inayorudisha maji juu) inafurika hadi sakafuni. Ilinipata hapa Kondele, Kisumu.

Anza na mdomo wa bomba la kurudisha maji tangini. Ukiwa umezama sana, pampu ikizima bomba linanyonya maji ya tangi kuyashusha sampuni hadi mdomo upate hewa. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 45, kwa hiyo kila sentimita 1 ya maji ni lita 5.4. Mdomo ulikuwa sentimita 6 chini: lita 32 zikaja kwenye zulia! Niliuinua, nikatoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili lipate hewa mapema. Lisugue kila wiki kwa mswaki, mwani huliziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake. Konokono mdogo anatosha kuiacha wazi.

Kisha chomoa pampu, ngoja maji yatulie, punguza ya sampu yasifike ukingoni. Washa tena, piga alama ya kimo cha maji kwenye kioo cha sampu. Ukijaza, usiipite.

Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Fulu wangu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) wakianza kuhema juu ya maji, sisubiri stima irudi.