Muulize Shangazi: Bili ndani ya mchezo

SWALI: Shangazi shikamoo. Binti yangu wa miaka 13 anacheza The Sims 4, mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya familia. Jana familia yake ya mchezoni ilikatiwa umeme na maji kwa kutolipa bili, akalia. Dhiki ya nini kwenye mchezo? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbona dhiki yenyewe ndogo! Wajukuu zangu huandika “motherlode”, neno la siri la mchezo huo, wanapata pesa 50,000 za mchezoni papo hapo. Nani ana neno kama hilo mwenye nyumba anapobisha hodi? Dhiki kubwa iko kwenye mchezo mwingine, This War of Mine, wa Wapolandi, 2014, uliotokana na kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo katika vita vya Bosnia: unaweza kuwaibia wazee dawa ili watu wako wapone. Huo asubiri kwanza. Huu wa bili mwachie, na umeme wa LUKU ukiisha nyumbani mtume yeye akanunue.