Acropora yangu inabanduka upande mmoja: ninunue pampu kubwa zaidi?

Swali: Nina tangi la matumbawe la lita 300. Pampu inayorudisha maji kutoka tangi la chini imeandikwa lita 3,000 kwa saa, na nyingine ya lita 5,000 nimeibandika kwenye kioo cha kulia. Acropora (tumbawe gumu lenye matawi) iliyo karibu nayo imebanduka nyama upande unaotazama pampu, mfupa mweupe uko wazi. Wakati huohuo uchafu umejaa nyuma ya mawe. Ninunue pampu yenye nguvu zaidi?

Jibu: Hapana. Nunua ya pili inayolingana na hiyo ya lita 5,000, kisha uzipange upya. Shida zako zote mbili huenda zina chanzo kimoja: maji yanasukumwa upande mmoja tu, usiku na mchana.

Tumbawe halihami. Huletewa chakula na oksijeni na maji, na maji hayohayo huondoa taka zake. Lakini maji yanayogusana na ngozi yake karibu hayatembei kabisa: ni utando mwembamba uliotulia, na kila kinachoingia au kutoka hupenya humo polepole. Mkondo ukipungua, utando hunenepa. Mchana, mwani unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe hutoa oksijeni nyingi, na isipochukuliwa humdhuru mwenyeji wake. Ndiyo maana siwashauri watu waongeze taa kabla hawajarekebisha mkondo.

Mkondo mkali ulionyooka nao huchubua nyama. Acropora nyingi huishi mawimbi yanapovunjikia mwambani, na huko maji huja, hurudi, hujizungusha. Hayapigi tawi moja kutwa kucha.

Kwa hiyo weka pampu moja kila upande, juu kidogo, mikondo igongane katikati mbele ya mawe. Kama zina kidhibiti, zipokezane. Hizo mbili zitakupa lita 10,000 kwa saa, takriban mara 33 ya ujazo wa tangi, na Acropora itaridhika. Ile ya tangi la chini usiihesabu: namba yake ilipimwa bila kupandisha maji, na kila kona ya bomba huipunguza. Euphyllia (tumbawe gumu lenye minyiri mirefu) na matumbawe laini wape nusu ya hapo, chini, mahali mawe yanapokinga mkondo.

Kisha dondoshea chakula laini kidogo, uketi uangalie. Chembe zikituama mahali, geuza pampu kidogo. Minyiri ya matumbawe inapaswa kuyumba huku na huku. Ikilala upande mmoja muda wote, mkondo bado umenyooka. Mchanga ukifukuliwa hadi kioo kionekane, inua pampu.

Acropora isogeze leo. Nyama ikizidi kubanduka, kata matawi mazima uyapandikize kwingine, na upime chumvi na alkali, maana si kila kubanduka hutokana na mkondo.

Chokaa nayo huziba pampu taratibu. Zifungue kila baada ya miezi michache, uloweke vipande kwenye siki iliyochanganywa na maji, usuuze vizuri. Na uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri: umeme ukikatika usiku, oksijeni hupungua haraka, na samaki ndio hutangulia kufa.